Jela ya plaiwudi: shajara ya kujenga mnara wa Foucault barazani

18 Januari 2025

Mwezi ujao kitabu cha Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa, juu ya kuzaliwa kwa jela, Surveiller et punir, kinatimiza miaka 50 tangu kitoke Paris, Februari 1975. Sisi ni watu saba tunaokutana Jumamosi barazani kwangu, Ngamiani, Tanga. Mimi nasoma Kifaransa na kutafsiri papo hapo, wengine wananisahihisha Kiswahili. Safari hii fundi seremala, ambaye ni mmoja wetu, amegoma. Anasema hawezi kuelewa jengo kwa kusimuliwa.

"Mwalimu, ama nionyeshe ramani, ama tulijenge."

Basi tunalijenga. Jengo lenyewe ni panoptikoni ya Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, ambaye naye wazo alilipata kwa mdogo wake Samuel aliyekuwa akisimamia karakana za Potemkin, mkuu wa Kirusi, huko Krichev, Belarusi ya leo. Bentham alichapisha barua zake juu ya jela hiyo mwaka 1791, na mwaka huohuo Bunge la Ufaransa likaamuru muhtasari wake upigwe chapa kwa Kifaransa. Vyumba vimepangwa duara, katikati pana mnara. Kila chumba kina dirisha la nje la kuingiza mwanga na dirisha la ndani linalotazamana na mnara. Mlinzi mnarani anawaona wote, wao hawamwoni. Foucault anasema hii ni mashine ya kutenganisha kuona na kuonekana.

Lengo: mfano wa mezani unaofanya kazi kweli, pamoja na orodha ya maneno ya Kiswahili ya kusomea sura ya panoptikoni bila kukwama. Bajeti: shilingi 80,000. Naandika shajara hii ili mwingine akitaka kujenga asirudie ujinga wetu.

1 Februari

Plaiwudi haijanunuliwa. Siku nzima imekwenda kwenye maneno, na naona haikupotea.

Neno la kwanza ndilo lililotutesa: surveiller, la kwenye jina la kitabu, yaani kumwangalia mtu kwa mamlaka. Hatukuwa wa kwanza. Alan Sheridan, aliyekitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1977, alikosa neno la kulingana nalo, na mwishowe Foucault mwenyewe akapendekeza jina la kitabu libadilishwe, "nidhamu" ikae mahali pake.

Tulianza na kupeleleza. Likaanguka haraka, kwa kuwa mpelelezi hujificha, ila mnara umesimama katikati ya uwanja na kila mtu anaujua. Kulinda nalo lina huruma mno. Kusimamia lilikaribia sana, maana shule za Ufaransa zina mtu anayeitwa surveillant, naye kazi yake ndiyo ileile ya msimamizi wetu wa mtihani: anatembea kati ya madawati, mikono nyuma, hasemi kitu. Lakini kwetu hata harusi ina msimamizi.

Tukaishia kuchunga. Mbuzi huchungwa, mdomo huchungwa, na unga huchungwa pia ili pumba zibaki juu ya chekecheke. Mchungaji wa kanisani naye yumo, jambo ambalo lingemfurahisha Foucault, kwani miaka mitatu baada ya kitabu hiki alifundisha Collège de France, chuo cha Paris, juu ya mamlaka ya mchungaji juu ya kundi. Halafu tazama majirani zake kwa sauti: kuchungulia, kuchunguza. Sidai ni ukoo mmoja, ila yakikaa pamoja ukurasani yanasikilizana.

Neno la pili, regard, nililiandika "mtazamo" bila kufikiri. Fundi akauliza, "Mtazamo wa nani? Wa chama gani?" Kweli, siku hizi mtazamo ni maoni. Tumeweka jicho. Lina husuda ndani yake, najua, lakini bora husuda kuliko mkutano wa hadhara.

La tatu ni examen. Kwa Kifaransa neno hilo moja ni mtihani wa darasani na pia uchunguzi wa daktari, na Foucault anategemea huo umoja: hospitali na shule zilijifunza kumweka mtu kwenye mwanga, kumlinganisha na kipimo cha kawaida, kisha kumwandika. Kiswahili kimevitenga. Bibi yetu, mkunga mstaafu, ndiye aliyetuokoa. Alitoa mkobani kadi ya kliniki ya mjukuu wake, ile yenye mstari wa uzito unaopanda katikati ya rangi. Akasema: "Mtoto anapimwa, anaandikwa. Mstari ukishuka kwenye nyekundu, mama anahojiwa. Miaka yote ile, kina mama waliiogopa kadi kuliko walivyoniogopa mimi."

Tumeandika: kupimwa na kuandikwa. Ni maneno mawili kwa moja, lakini hayavuji.

Gharama: nakala za kurasa, 9,600.

15 Februari

Tumekata, tumegonga. Plaiwudi ya milimita 3, shiti moja, 22,000. Vipande vya mbao vya fremu 6,000. Gundi 4,500. Misumari midogo na msasa 3,000. Guta 3,000. Fundi kakubali 20,000 badala ya bei yake ya kawaida, na kila akipiga nyundo anatukumbusha.

Mchoro wangu ulikuwa wa duara kamili. Fundi akakataa: plaiwudi ya bei hii ukiipinda inapasuka, ukiiloweka inafumuka. Akachora pembe nane. Nikanuna, kisha usiku nikarudi kitabuni na kukuta aya niliyoiruka. Foucault anahisi huenda Bentham aliathiriwa na bustani ya wanyama ya Versailles, kasri ya wafalme wa Ufaransa, aliyoijenga Le Vau: banda la pembe nane, katikati chumba cha mfalme, pande saba zina madirisha yanayotazama vizimba saba vya wanyama, upande wa nane ni mlango. Fundi wetu hajafika Versailles, hata hivyo kajenga banda la Le Vau. Tuna vyumba saba na mlango mmoja. Upana sentimita 90 kutoka pembe hadi pembe, ukuta kimo cha 25, mnara upana 24 na kimo 30.

Namna ya kupima kama mashine inafanya kazi: ndani ya mnara kuna mwanasesere wa mti juu ya fimbo, anayeinuliwa na kushushwa kutoka chini ya meza. Mtu anachuchumaa, anaweka jicho kwenye dirisha la nje la chumba kimoja, anatazama mnara kama mfungwa angeutazama. Anasema: yupo, au hayupo. Mara 20. Akipata zote, mnara unavuja. Akipata kama 10, anabahatisha, na hapo ndipo tunapotaka afike.

Jaribio la kwanza: 20 kati ya 20, watu wote.

Kosa ni langu. Nilitia balbu ndani ya mnara, kwa kuwa akilini mwangu anayeona ndiye mwenye taa. Mlinzi akawaka kama mtangazaji wa habari. Foucault kaandika wazi kwamba mwanga unaingia kwa nyuma ya mfungwa, unapenya chumba upande hadi upande, na mlinzi anaona umbo lake jeusi dhidi ya mwanga. Gereza la zamani la chini ya ardhi lilimficha mtu gizani, na giza lile lilikuwa na hifadhi yake. Hili linamtoa nje. Ameliandika kwa maneno machache: kuonekana ni mtego. Nilishalisoma darasani mara ngapi, na bado mkono wangu ukaweka taa mahali pasipo pake.

22 Februari

Balbu imetolewa, meza imesogezwa uani, jua linaingia kwa madirisha ya nje. Nilikuja na uhakika. Matokeo: 18 kati ya 20.

Ilituchukua saa nzima kuelewa. Mnara una dirisha kila upande, na madirisha yanatazamana. Ukiwa chumba cha 2 unaona kupitia mnara hadi mwanga wa chumba kilicho mkabala. Mwanasesere akiinuka anaukata ule mwanga. Mlinzi naye amenaswa na mtego aliouwekea wenzake.

Bentham alilijua hili. Ndani ya chumba cha mnara aliweka kuta zinazokatana msalaba, kwenye madirisha akaweka vibanzi vya mshazari, na mahali pa milango akataka mapito ya kupindapinda, kwa sababu kishindo kidogo tu, au mwangaza wa mlango ulioachwa wazi nusu, ungemfichua mlinzi. Nilikuwa naisoma sentensi hiyo kama urembo wa mtu mwenye wasiwasi wa kupita kiasi. Sasa tumeikata kwa kadibodi ya katoni ya sabuni: kuta mbili msalaba, kila moja ina pengo lisilotazamana na la mwenzake. Vibanzi tumevichonga kwa njiti za chelewa, tukavilaza kama vya madirisha ya majumba ya zamani ya hapa Tanga. Ndani yote rangi nyeusi, 7,000.

Matokeo: 11, 9, 12, 10. Furaha kubwa. Kisha zamu ya bibi: 16.

Tukarudia. 17. Nikakagua vibanzi kimoja kimoja kutafuta ufa. Fundi ndiye aliyemtazama bibi badala ya kutazama mnara, akakuta amefumba macho. Alikuwa anasikiliza fimbo ikisugua shimo la meza. "Mkiniambia nichungulie, nachungulia," akasema. "Hamkuniambia nisisikilize."

Dawa: fimbo imepakwa nta ya mshumaa na kuviringishiwa kipande cha khanga. Bibi sasa anapata 11, na anadai tumeharibu.

8 Machi

Ramadhani imeingia, tunakutana baada ya tarawehe. Hakuna jua, mashine imekufa. Vyumba vyote giza, mfungwa yeyote angeweza kupanda ukuta.

Nikanunua mkanda wa taa na betri, 15,000, nikauzungusha nje ya madirisha. Inafanya kazi, lakini mtazamaji akiweka kichwa anaziba taa yake mwenyewe, tena waya uko kila mahali. Kijana wa chuo akauliza Bentham alifanyaje usiku. Nikajibu kwa kujiamini kwamba hakufikiria.

Alifikiria. Kwenye barua yake ya pili anaweka taa ndogo nje ya kila dirisha la mnara, nyuma ya taa kibati cha kurudisha mwanga, ili ziangaze vyumba na usalama wa mchana uendelee usiku. Maana yake balbu yangu ya tarehe 15 haikukosea mahali kwa umbali mkubwa. Iliwekwa upande usiofaa wa kibati. Taa ya mnara inaruhusiwa, mradi mwenye mnara abaki nyuma yake. Kila aliyewahi kuulizwa maswali akimulikwa tochi usoni analijua hilo bila kusoma kitu.

Tumekata vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga, saba, tukavipinda, kila kimoja na taa mbili. Matokeo ya usiku: 12, 10, 9. Umeme ulipokatika saa nne, betri iliendelea, na jela yetu ikabaki nyumba pekee yenye mwanga mtaani.

22 Machi

Ingizo fupi la hasara. Nilinunua mpira wa maji mita 4, shilingi 4,000, ili kuweka njia za sauti kutoka kila chumba hadi mnarani, kama Bentham alivyochora mwanzoni: mlinzi asikie hata mnong'ono. Tumejaribu kwa dakika kumi. Bibi kaweka sikio chumbani akasema, "Fundi anapumua kama ana mafua." Bomba linapeleka sauti pande zote mbili. Jicho unaweza kulifanya liende upande mmoja, sikio halikubali. Bentham naye katika nyongeza zake aliyaacha mabomba, na Foucault katika tanbihi anadhani sababu ni hiyohiyo.

Mpira umekwenda kumwagilia mchicha.

12 Aprili

Sikukuu imepita, tumerudi. Mfano umekamilika na unapendeza, nami nilidhani shajara itaishia hapa. Kisha tukasoma mwanzo wa sura yenyewe, ambao nilikuwa nimeuacha kwa makusudi kwa kuwa hauna mnara.

Sura inaanza na kanuni za mwishoni mwa karne ya 17, kutoka hifadhi ya jeshi huko Vincennes: mji ukiingiwa na tauni. Mji unakatwa mitaa, kila mtaa una mkuu wake, kila njia ina mtu wa kuichunga. Siku iliyopangwa watu wote wanaingia ndani, na mtu huyo anafunga milango kwa nje, anaondoka na ufunguo. Mkate na divai vinapita kwenye vifereji vya mbao kutoka barabarani, nyama na samaki vinapandishwa kwa vikapu na kapi. Kila siku anapita, anasimama mbele ya kila nyumba, anawaita wote kwa majina watokee dirishani. Asiyetokea ana lake. Foucault analiita gwaride kuu la walio hai na waliokufa.

Tulibishana juu ya cheo cha huyo mwenye funguo. Kifaransa ni syndic. Nikaweka "mjumbe", na baraza zima likacheka, maana kila mtu alimwona mjumbe wake wa nyumba kumi kabeba funguo za mtaa. Fundi alisema wake angezipoteza kabla ya adhuhuri. Nimeacha mjumbe. Kicheko kile kilifafanua zaidi ya tanbihi yoyote ambayo ningeandika, ingawa nakiri wa kwetu ni wa chama na wa kule ni wa utawala wa mji.

Lakini jambo lililonigusa ni karatasi. Mjumbe anaandika; taarifa zake zinakwenda kwa mkuu wa mtaa, za mkuu zinakwenda kwa mahakimu au meya. Kifo, ugonjwa, lalamiko, vyote vinaandikwa. Mji huu hauna mnara hata mmoja. Una madirisha, majina na daftari, na unachunga watu barabara kuliko plaiwudi yangu. Mwanasesere wetu wa mti anatazama miezi miwili sasa na hajamtisha hata kuku, kwa sababu hana kalamu.

Kwa hiyo tunaongeza sehemu ya pili: daftari. Mfano wake nimeupata nje ya Foucault. Mwaka 1749 ofisa mmoja wa askari wa doria wa Ufaransa, Guillauté, aliandika andiko kwa mfalme Louis XV juu ya kutengeneza upya polisi: nyumba zote za Paris zipewe namba, ngazi zipewe alama, kila mtu awe na cheti, na taarifa zote zitunzwe katika magurudumu makubwa ya kuhifadhia karatasi. Karani anakaa, gurudumu linazunguka, jalada la mtu linamjia. Michoro yake ilifanywa na Gabriel de Saint-Aubin, na inapendeza kiasi cha kukusahaulisha inachokichora.

26 Aprili

Ringi kuukuu ya baiskeli, 5,000. Karatasi za manila za kukatia kadi, 2,500. Vibweta vya viberiti saba, bure.

Kosa la kwanza la ufundi: vibweta vilivyogundishwa kwenye ringi vilimwaga kadi kila vilipopinduka. Tumeving'iniza kwa waya, kama viti vya pembea la sikukuu, vinabaki wima. Kosa la pili: ringi ikiachwa ilizunguka yenyewe na kusimama palepale, kibweta cha 5 chini. Kilikuwa na kadi nyingi kuliko vingine. Aliyeandikwa sana ana uzito, gurudumu linamtafuta lenyewe. Tumesawazisha kwa sarafu.

Kosa la tatu si la ufundi, na nimesita siku tatu kabla ya kuliandika.

Gurudumu lilihitaji kadi zenye maandishi. Nilikuwa na daftari ninaloandikia shajara hii tangu Januari, na ndani yake, pembeni mwa vipimo, kulikuwa na maneno juu ya watu: nani kachelewa, nani kaulizia nini, nani hajafungua kurasa. Sikuyaandika kwa ubaya. Niliyanakili kwenye kadi, nikiona ni mzaha mzuri, kila mtu atakutana na jalada lake. Wengi walicheka. Kijana wa chuo alizungusha ringi taratibu hadi kibweta cha 5, akatoa kadi, akasoma. Ya juu kabisa iliandikwa: "Hasomi. Huja kwa ajili ya chai." Tarehe 1 Februari, mwandiko wangu, wino wa bluu.

Hakusema kitu. Akairudisha mahali pake, sawasawa, kona kwa kona. Akakusanya vikombe, akaviosha, akaaga kila mtu kwa jina.

10 Mei

Hakuja.

Tulikuwa tumepanga kusoma Sartre, mwanafalsafa mwingine wa Kifaransa, kurasa za jicho katika kitabu chake cha 1943. Mtu kainama mlangoni anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Muda wote huo yeye si mtu wa namna fulani. Yupo kazini tu, kote yu macho. Ghafla anasikia hatua ukumbini. Papo hapo anakuwa kitu: mchunguliaji. Kiswahili kina kitenzi cha dakika hiyo ambacho Kifaransa kinakizunguka kwa kurasa nyingi: kufumaniwa. Tulibishana kidogo kama honte yake ni haya au aibu. Bibi kakata shauri: haya unatoka nayo nyumbani, aibu unaletewa. Tumeandika aibu.

Sartre anaendelea: huenda hatua zile zilikuwa za bure, unainua kichwa, hakuna mtu. Hata hivyo unaweza kuacha ulichokuwa unafanya. Fundi akagonga mnara kwa kidole. Mnara mtupu ndio huo, miaka 32 kabla ya Foucault kuuandikia.

Kisha bibi akafunga nakala zake. "Mwalimu, siku ile mchunguliaji alikuwa wewe. Hatua tulizisikia sisi."

Sikuwa na jibu, nikaeleza dawa niliyokwisha ianza: kuanzia Jumamosi ile daftari linakaa mezani wazi, kila mtu anaandika mahudhurio yake na maoni yake mwenyewe. Haikufaa. Nililisoma mbele yao: watu wote wamewahi, wote wamesoma, wote wamefurahi. Fundi, aliyefika nusu saa baada ya wengine, kaandika "nimewahi kidogo". Tulipoandikwa na mimi tulikuwa na kasoro. Tulipojiandika tumekuwa malaika.

Dawa ya pili imetoka kwa mwalimu mwenzangu wa Kifaransa, na ina asili yake kwa Foucault mwenyewe. Februari 1971, miaka minne kabla ya kitabu, yeye na Jean-Marie Domenach na Pierre Vidal-Naquet walitangaza kundi la kukusanya habari za magereza. Walisambaza hojaji, zikaingizwa ndani kwa siri kupitia familia, wafungwa wakajibu: chakula kikoje, adhabu zikoje, daktari anakuja lini. Gereza lililozoea kuandika watu likaandikwa na watu wake.

Basi wote wakachukua kadi, wakaandika juu yangu. Hawakuonyesha walipokuwa wakiandika. Nimezisoma usiku peke yangu. "Akichoka anatafsiri mbio." "Anaruka aya ngumu halafu anasema hazina mnara." "Anajibu kabla hajaangalia kitabu, kumbuka taa za Bentham." "Chai ina sukari nyingi." Zote ni kweli. Nimezitia kibweta cha 1, ringi imepoteza usawa, na safari hii sikuongeza sarafu upande wa pili.

Nimerudi pia kwenye maingizo ya nyuma ya shajara hii na kufuta mistari minne iliyosema habari za watu badala ya habari za kazi. Yaliyobaki juu ya fundi na bibi wameyasoma na kuyaruhusu. Fundi alitaka niongeze kwamba plaiwudi haikuwa chaguo lake.

24 Mei

Hesabu. Plaiwudi 22,000, fremu 6,000, fundi 20,000, gundi 4,500, misumari na msasa 3,000, rangi 7,000, mkanda wa taa na betri 15,000, mpira 4,000, ringi 5,000, manila 2,500, guta 3,000, nakala 9,600. Jumla 101,600, yaani 21,600 zaidi ya bajeti. Bentham, ambaye jela yake haikujengwa, alifidiwa na Bunge la Uingereza pauni 23,000 mwaka 1813. Mimi sijaona dalili.

Kwa atakayeiga: pembe nane, usipoteze siku kwa duara. Anza na kuta za msalaba ndani ya mnara kabla hujapaka rangi, kwa sababu mkono hauingii tena baadaye. Mapengo ya kuta yasitazamane. Vibati vya taa vipindwe kuelekea vyumbani, na nyuma yake paka rangi nyeusi, kwani kopo la maziwa linang'aa pande zote mbili na lilitugharimu jioni moja. Nta kwenye fimbo. Usinunue mpira. Masika imevimbisha ukuta kati ya chumba cha 5 na cha 6, kwa hiyo siku hizi wafungwa wawili hao wanaonana kupitia ufa wa kidole kimoja. Tumepiga kura ya kuuacha.

Kwenye kadi za gurudumu weka majina ya kubuni. Hilo lingekuwa sharti la kwanza kama ningejua.

Kijana wa chuo alikuja leo. Hakuingia barazani mara moja, alisimama kwenye mlango wa uani akaniita pembeni.

"Shikamoo, mwalimu. Ile kadi uliinakili kutoka kwenye daftari?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Naomba ule ukurasa."

Nikaleta daftari, nikaufungua mbele yake, nikauchana kwa rula ili usipasuke. Nyuma yake kulikuwa na vipimo vya mnara, tayari vimenakiliwa hapa. Aliusoma mara mbili, mbele na nyuma, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. Kisha akaenda kukaa mahali pake na kumwuliza bibi tumefikia ukurasa wa ngapi. Chai hakunywa.

Daftari sasa linaruka kutoka ukurasa wa 22 hadi wa 25.